Mara Ishirini na Nne

Bosi aliniuliza mbele ya watu, mezani, wiki ya mwisho ya msimu. "Wewe ndiye unayeshinda na hizi bunduki. Tukinunua darubini mpya ya bunduki ya kambi, tuchukue ipi?" Akanisukumia karatasi yenye picha mbili. Moja ilikuza kuanzia mara tatu hadi mara tisa. Nyingine ilianzia mara sita ikapanda mpaka mara ishirini na nne. Jibu sahihi nililijua, na kila aliyekaa pale alijua kwamba nalijua. Nikaweka kidole kwenye ile ya pili.

"Una hakika?" akauliza mwindaji bingwa, yule aliyekuwa akiwaongoza wageni porini.

"Siku hizi wageni wanapenda kupiga mbali," nikasema. "Twende na wakati."

Nilisema uongo kwa sauti ya fundi, na fundi haulizwi mara mbili.

Nilikuwa mtunza bunduki katika kitalu cha uwindaji huko tambarare, ng'ambo ya kijiji cha Mnazi. Wageni walikuja na leseni zao, wakatembea na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Mimi nilisafisha bunduki, nikazipaka mafuta, nikazirekebisha shabaha kwa kupiga ubao. Pia ilinibidi kumweleza mgeni, kwa heshima, kwamba darubini aliyoinunua kwa mbwembwe ingemwaibisha. Wengi waliamini kwamba kadiri inavyokuza ndivyo inavyoua.

Haiko hivyo. Ukiiweka chini, mara tatu au nne, unaliona kundi zima la choroa, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizonyooka, na unamwona hata yule aliyesimama nyuma ya uliyemchagua, ambaye risasi ikipenya itamjeruhi bure. Ukipandisha mpaka ishirini na nne unaona bega, basi. Mnyama akipiga hatua mbili umempoteza, unabaki unatafuta majani. Mkono nao unatetemeka mara ishirini na nne. Mchana joto likipanda kutoka ardhini, darubini inalikuza na hilo joto, na mnyama anachezacheza kama yuko ndani ya maji. Jioni ndiyo kabisa, picha inaingia giza wakati mwenye mara nne bado anaona. Kwa hiyo niliwaambia wote neno moja: anza chini, panda ukihitaji, ukimaliza rudisha chini. Niliwaambia mpaka mpishi akawa ananiiga.

Kijiji chetu kiko ukingoni kabisa mwa milima, juu ya Mnazi, mahali ardhi inapokatika ghafla na tambarare kuanza huko chini. Ukisimama mbele ya nyumba yangu unaliona pori lote nililofanyia kazi. Na ukisimama kambini, siku ambayo ukungu umeondoka, unauona ukingo. Sisi wa milimani tuna ugonjwa mmoja: tukikiona kitu tunasema kiko hapo tu, hata kama kukifikia ni kushinda njiani. Nyumba yangu ilikuwa hapo tu. Kwa barabara ilikuwa safari ya siku nzima na magari matatu, kama yakikubali kupanda. Hivyo nilishuka mwezi wa sita na kupanda mwezi wa kwanza, na katikati ya hapo nilikuwa mtu mwenye kwao anakokuona na asikoweza kufika.

Watu walikuwepo kambini, na walikuwa watu wema. Lakini nilikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu wanaume wa rika langu hulizunguka neno hili, wakasema wamechoka, au chakula hakina chumvi. Mara nyingine nilikwenda kusafisha bunduki iliyokwisha kusafishwa, ili nipate sababu ya kukaa peke yangu na hali hiyo.

Msimu ule ule wa swali la bosi, mgeni mmoja aliniachia bunduki yake niifute vumbi. Darubini yake ilikuwa ndefu kama chupa ya chai, ya mara ishirini na tano. Nikatoa komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, nikakitia mfukoni. Nikailaza bunduki juu ya gunia la mchanga, nikaielekeza ukingoni nione kama vioo ni safi. Nikaona bati. Nikaona mkaratusi wetu, ule uliopasuliwa na radi. Karibu na mkaratusi palikuwa na mwanamke anaanika nguo.

Kilomita kama kumi na mbili zilikuwa zimebaki umbali wa mtu aliye ng'ambo ya bonde, umbali ambao kwetu watu husalimiana kwa kupaza sauti na kuulizana habari za maharage. Uso haukuonekana. Lakini mtu mliyeishi naye miaka humtambui kwa uso tu. Alikung'uta nguo mara mbili, akaitupa kambani, akashika kiuno upande wa kushoto. Alikuwa mke wangu. Nikamwita kwa Kishambaa, kwa ile sauti ndefu ya mabondeni. Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza kama nimeumwa na nyoka.

Niliwafundisha wageni sheria moja kabla ya nyingine zote: bunduki haielekezwi mahali usipotaka kuua, iwe na risasi au isiwe nayo. Na mimi nilikuwa namtazama mke wangu katikati ya msalaba mweusi wa darubini. Nililijua hilo. Nililigusa komeo mfukoni, nikaendelea kutazama. Macho hayana pazia.

Sasa unaelewa kidole changu kilikwenda wapi siku ile mezani, na kwa nini.

Nilipopanda nyumbani Januari nilimwambia kwamba nimemwona kwa darubini. Darubini ya nini sikusema. Alicheka mpaka akaiweka sufuria chini.

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Sikuona vizuri."

"Basi Mungu anakupenda, baba watoto."

Tukapanga. Kila asubuhi saa moja na nusu, akishakamua ng'ombe, angeanika shuka jeupe kwenye kamba ya mbele, pale ukingoni: hiyo ni salama. Kukiwa na jambo angeanika kanga nyekundu: hiyo ni njoo. Kambini mtandao haukushika. Ulipatikana juu ya mwamba, mwendo wa saa moja na nusu, nami nilipata nafasi ya kupanda Jumapili tu. Kwa hiyo Jumapili tungeongea kwa simu, na siku nyingine tungeongea kwa nguo.

Mama yake aliishi nasi. Alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage, hakukosa hata neno. Huyo mama nilimheshimu sana. Shikamoo yake niliitoa nikiwa nimevua kofia. Alimaliza ungo wake, ndipo akasema, "Mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka." Nikacheka kwa adabu.

Darubini mpya ikaja Julai, na miezi miwili ile nilikuwa mtu mwingine. Niliamka, nikanywa chai, nikafunga darubini ya kambi kwenye mara ishirini na nne, nikangoja ukungu uinuke. Shuka likatokea. Wakati mwingine aliinua mkono kuelekea bondeni, bila kujua niko upande gani, nami niliinua wangu. Mpishi alishazoea. Jumapili juu ya mwamba mke wangu aliuliza lile lile kila mara.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Juzi nilikuwa nimevaa nini?"

"Kitu cha bluu."

Akacheka kama msichana. Nilirudi kambini nikiteremka kwa kuruka mawe, na goti langu hili.

Septemba akaja mgeni mzee, mpole, ambaye bunduki yake ilikuwa imekwama njiani kwenye ndege. Akaazima ya kambi. Asubuhi ya safari yake ukungu uligoma kuondoka mlimani. Gari lilikuwa linaunguruma, mwindaji bingwa ananiita, na mimi nimelala juu ya gunia la mchanga. Dakika ya mwisho ukungu ukafunguka, nikaliona shuka, nikaruka. Nikarudisha komeo, nikampa mzee bunduki, nikapanda nyuma ya gari nikiwa na furaha yangu. Pete ya kukuzia niliiacha pale pale.

Saa nne hivi tuliwakuta choroa karibu kuliko tulivyotegemea, hatua themanini, wanatoka nyuma ya vichaka. Mzee akainua bunduki. Akakawia. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba anaona manyoya tu. Mwindaji bingwa akamnong'oneza asubiri, lakini dume lilikuwa limeanza kugeuka, na mzee akapiga hayo manyoya aliyoyaona. Risasi ikaingia nyuma, tumboni.

Tulifuata damu siku ile nzima na siku iliyofuata. Siku ya tatu tai ndio waliotuonyesha. Fisi walikuwa wameshamaliza, zimebaki pembe na kipande cha ngozi. Mzee alivua kofia akakaa chini kwenye vumbi. Akatuomba msamaha sisi, mmoja mmoja, pamoja na mimi. Nilitamani anitukane.

Mwindaji bingwa alikuwa ameiona pete tangu siku ya kwanza, ila alisubiri mgeni aende kuoga.

"Nani aliiacha kwenye ishirini na nne?"

"Mimi."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nakagua vioo."

 Alikuwa amenifahamu miaka mingi kama mtu asiyesahau pete. Kesho yake bosi akaamuru darubini ifunguliwe, ikarudishwa ile ya zamani, ya mara nne tu, isiyo na pete ya kuzungusha, kioo chake kimekwaruzwa. "Hii haina ujanja," alisema bosi. Alikuwa na haki. Kwa choroa wa hatua themanini hata wa hatua mia mbili, hiyo ndiyo ningeichagua mimi mwenyewe kama ningekuwa nachagua kwa ajili ya uwindaji.

Kwa mara nne ukingo ulikuwa mstari tu, na mabati yanametameta juu yake. Kila kilichokuwa cheupe kingeweza kuwa shuka. Darubini ya mkono ya mwindaji bingwa haikumtoka shingoni, na baada ya yule choroa sikuwa na uso wa kumwomba. Nikachagua doa moja jeupe, nikaamua kwamba ni lenyewe.

Jumapili akaniuliza, "Uliniona?"

"Nilikuona," nikasema.

Kwa nini sikumwambia? Ningemwambia, ingebidi nimweleze bunduki, na choroa, na kidole changu mezani. Lakini hiyo ni sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni ni kwamba lile swali, uliniona, ndilo pekee lililokuwa limenibakia kwa wiki nzima. Nilipanda mwamba kwa ajili yake. Niliogopa kwamba akijua simwoni hataniuliza tena. Basi nikaendelea kumwona kwa mdomo, Jumapili baada ya Jumapili. Mara moja nilibahatisha rangi ya kijani na ilikuwa njano. Nikasingizia ukungu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu iliishia juu ya mwamba, Jumapili moja ya Novemba. Simu iliposhika mtandao ililia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Wa juu kabisa ulikuwa wa shemeji yangu: "Tumemzika mama jana. Tulikusubiri."

Nikampigia mke wangu. Alipokea. Nikasema pole, nikairudia. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Nilianika nyekundu tangu Jumatatu."

"Kulikuwa na ukungu," nikasema.

"Hakukuwa na ukungu."

Nilifika nyumbani Jumanne jioni, viatu vina vumbi la tambarare. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu na mashada hayajanyauka. Shemeji alinieleza mengine nikiwa nimesimama pale pale. Mama aliugua Jumatatu. Majirani walimwambia mke wangu apige simu ofisi ya kampuni, wanitafute kwa redio. Akawaambia hakuna haja, mume wangu ameshaona, yuko njiani. Akasema hivyo Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi mama akafariki, na bado mke wangu akasema yuko njiani. Jumamosi kaburini mchungaji alingoja kidogo kabla ya kuwaita wakwe kutia udongo, kwa sababu mke wangu alimwomba angoje.

Wageni walipoondoka, tulikaa jikoni wawili tu. Nikamwambia yote. Nilianza na bunduki, kwa kuwa ndiyo niliyoiogopa zaidi: kwamba ile darubini iko juu ya bunduki, kwamba asubuhi zote zile nilimtazama kupitia kitu cha kuulia. Nilitegemea aruke. Akatikisa kichwa tu, kama nimemweleza habari ya mtu mwingine.

"Tangu lini huoni?"

"Tangu Septemba."

Akahesabu kwa vidole, polepole. Septemba. Oktoba. Novemba yote hii.

"Nilikuwa nikishakamua, naoga," akasema. "Naoga maji ya baridi kwa sababu moto haujakolea. Navaa kitenge changu cha kanisani. Ndipo natoka kuanika. Nasimama pale kidogo, nageuka, unione vizuri. Halafu narudi ndani navaa za shamba. Mama alikuwa ananicheka kila asubuhi, anasema nimekuwa bibi harusi wa shuka." Akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa imelowa. "Kumbe nilikuwa namvalia nani?"

 Akainuka akaenda kumpa ng'ombe maji.

Msimu uliofuata nilishuka kama kawaida. Hatukupanga ishara yoyote, wala hakuna aliyeitaja. Mgeni wa kwanza wa Julai alikuja na darubini ya mara ishirini na tano, mpya, akanipa niikague. Nilijua kabisa sitakiwi. Nikatoa komeo, nikalitia mfukoni, nikalaza bunduki juu ya gunia la mchanga. Ilikuwa saa moja na nusu, na mlima ulikuwa mweupe kwa jua, hauna hata uzi wa ukungu. Nikapandisha pete mpaka mwisho.

Nguzo mbili zilikuwa pale, na kamba katikati yake ilikuwa tupu. Akatokea upande wa zizi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, amevaa koti langu kuukuu la shamba. Akapita chini ya kamba. Hakugeuza kichwa kuelekea bondeni. Nilimfuata mpaka kona ya nyumba, kwa ule mwendo wake wa kuegemea kushoto, kisha akaingia.

Mgeni alikuwa amekuja nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Akauliza kama vioo vyake viko sawa, kama panaonekana.

"Vizuri kabisa," nikamwambia. "Panaonekana vizuri mno."

Nikarudisha pete chini mpaka mara tano, nikamkabidhi bunduki yake, nikamwambia aanze chini.

Sasa nimestaafu. Tunaishi vizuri, mimi na yeye. Tunalima viazi na kabichi, Jumapili tunakwenda kanisani pamoja, nikikohoa ananichemshia tangawizi. Kamba ya nguo aliihamishia nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha miti ya miwati, ambako jua halifiki mpaka saa tano. Niliwahi kumwambia tuirudishe mbele, kuna jua na upepo. Akasema huko mbele kuna vumbi. Ukingoni kwetu hakuna vumbi. Mashuka yetu yanachukua siku mbili kukauka, na mara nyingi tunayatandika yakiwa bado na ubaridi.